Kisa cha Baripada: ngoma ya vita ilivyobaki bila vita na bila mfalme

Ngoma ikishalelewa na ikulu huwa inadeka. Mfalme ndo analipa walimu, mfalme ndo anashonesha nguo, mfalme ndo anakaa mbele kutazama na kutuza, sasa siku ufalme unafutwa kwa makaratasi tu ya serikali, hiyo ngoma inabaki mikononi mwa nani? Sehemu nyingi inaishia makumbusho, au inabaki ya kuonyeshea wageni rasmi uwanja wa ndege. Ila kuna mji mmoja India ambako haikwenda hivyo, na nataka tukae na kisa chake vizuri kwasababu watu wengi wanakieleza juu juu, wanasema "serikali iliokoa" au "UNESCO iliokoa", na mimi naona wote wamekosea mlango.

Mji unaitwa Baripada, kaskazini mwa jimbo la Odisha, makao makuu ya wilaya ya Mayurbhanj, ambayo zamani ilikuwa ufalme. Kama hilo jina halikuambii kitu, ndo wilaya alikozaliwa Droupadi Murmu, rais wa India tangu 2022, yeye ni Msantal na eneo lile lina makabila mengi ya asili, Wasantal, Waho, Wabhumij na wengine, msitu wa Similipal uko hapo hapo. Kila mwaka mwezi wa nne, usiku wa tarehe 11, 12 na 13, mji huu unafanya Chaitra Parva, sherehe ya mwisho wa mwezi wa Chaitra wa kalenda ya Kihindu, afu tarehe 14 hivi unaingia mwaka mpya wa Waodia, yaani watu wa Odisha. Na kinachochezwa usiku huo ni Chhau.

Chhau kwa ufupi ni ngoma yenye asili ya mazoezi ya vita, na iko ya aina tatu kutokana na sehemu. Kuna ya Seraikela ambako leo ni jimbo la Jharkhand, kuna ya Purulia jimbo la West Bengal, na hii ya Mayurbhanj. Za Seraikela na Purulia wanavaa vinyago. Mayurbhanj hawavai, uso uko wazi, ila mchezaji anaukaza usioneshe kitu kwahiyo ukimtazama unaona kama naye kavaa kinyago cha nyama yake mwenyewe. Kazi yote inabaki kwa mwili.

Na huo mwili ndo wa kuuangalia kwa karibu kidogo. Mazoezi ya mwanzo kabisa yanaitwa parikhanda, yaani ngao na upanga, kijana anashika ngao mkono wa kushoto, upanga wa kulia, magoti yamekunjwa yametazama nje, anaanza kutembea. Kutembea tu. Hizo hatua zinaitwa topka na ziko za wanyama, kuna ya chui, kuna ya korongo, kuna ya tembo, na unaweza kukaa muda mrefu sana kwenye hatua moja mpaka mwalimu, wenyewe wanamwita ostad, aridhike. Afu ndo zinakuja ufli, na hapa ndo mtu wa nje anashangaa, maana ufli ni vitendo vya mama wa kijijini tangu anapoamka. Kuchanganya mavi ya ng'ombe na maji, kuyanyunyiza uani, kufagia, kuosha vyombo, kusaga manjano, kutwanga mpunga, kuchana nywele na kujipaka rangi nyekundu kwenye mstari wa utosi. Ila havifanywi na mikono kama ulivyozoea kuona kwenye ngoma nyingine za Kihindi! Vinafanywa na mguu. Mchezaji kasimama mguu mmoja, goti la pili limepanda mpaka usawa wa kifua, unyayo unazunguka hewani pale unasaga manjano, unasaga kweli unaona jiwe liko wapi, afu mguu unashuka taratibu bila mwili kuyumba, na huku juu bega limetulia kama la mtu anayesubiri kushambuliwa. Kwahiyo ndani ya mwili mmoja una askari na una mama wa nyumbani, na hao wawili hawagombani hata kidogo.

Asili ya huo uaskari ni paika, wanajeshi wa miguu wa wafalme wa Odisha, wakulima wakati wa amani, wapiganaji wakiitwa. Walifanya mazoezi yao kwenye viwanja vya mtaa, akhada. Waingereza walipoingia, karne ya 19, vita vya wafalme wadogo wadogo wao kwa wao vikawa havina nafasi tena, majeshi ya namna ile yakakosa kazi. Watu wana upanga, wana ngao, wana mwili uliofundishwa, hawana adui. Hiyo nguvu lazima iende mahali.

Na hapa ndo tunafika kwenye kitu ambacho kwangu mimi ndo moyo wa kisa chote, mitaa miwili. Baripada imegawanyika Uttar Sahi, mtaa wa kaskazini, na Dakshin Sahi, mtaa wa kusini. Wakati wa Maharaja Krushna Chandra Bhanj Deo, aliyetawala mpaka 1882, ikulu ilianza kuichukulia Chhau serious, na ndugu zake mfalme wakachukua kila mmoja mtaa wake wa kuulea. Fikiria hiyo akili. Mfalme hakuunda kikundi kimoja cha taifa, hakusema "hawa ndo wachezaji wangu", aliacha viwe viwili na akaweka ndugu wa damu huku na huku, kila mtaa ukawa na ostad wake, akhada yake, vipande vyake ambavyo mtaa mwingine hauvichezi, na tarehe moja kwa mwaka ya kukutana mbele ya kila mtu. Sijui kama alipiga hesabu ndefu au ilitokea tu, ila matokeo yake ni kwamba kijana wa Uttar Sahi hakukua akicheza kwa ajili ya mfalme. Alikua akicheza ili Dakshin Sahi wasilale usingizi.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Makundi ya Marini na Arinoti kwenye ngoma ya beni, watu walikuwa wanauza mpaka vitu vya ndani ili kundi la upande wa pili liaibike, na hakuna mfalme aliyewatuma. Ngoma ya kushindana ina petroli yake yenyewe.

Sasa usiku wenyewe unakwendaje. Mchana na jioni kuna ibada kwanza, maana Chaitra Parva ni sherehe ya mungu Shiva na ya Bhairab ambaye ni sura yake kali, na wapo waumini wanaofunga na kuweka nadhiri, wanatembea juu ya makaa ya moto, wanalala kwenye miiba, wengine wananing'inizwa kichwa chini juu ya moshi. Ni mambo mazito na yana maelezo yake marefu ila mimi leo niko kwenye ngoma. Giza likishaingia, uwanja umewashwa taa, watu wamekaa upande wao kufuatana na mtaa wao, inaanza rangabaja, yaani ngoma zinapigwa peke yake bila mchezaji hata mmoja. Kuna dhumsa, ngoma kubwa ya mviringo inayopigwa na fimbo mbili, sauti yake inakuja na vumbi. Kuna dhol inayoongoza, kuna chadchadi ndogo inayokatakata juu juu, na mahuri ambayo ni zumari tu, mtu wa Lamu angeisikia angejua pa kusimama. Rangabaja inapandisha joto mpaka watu wanaanza kupiga kelele, afu ndo mchezaji anaingia.

Kila kipande kina sehemu tatu. Chali ni kuingia, mchezaji anajitambulisha kwa mwendo tu, unajua huyu ni mungu au mwindaji au mzee wa fimbo kabla hajafanya chochote. Nata ni katikati, ndo kisa chenyewe. Nataki ni mwisho, mdundo unakimbia, mchezaji anaruka anazunguka anakwenda chini anarudi, na hapo ndo mtaa wake unasimama wote. Chukua mfano kipande cha Kirat Arjun, kimetoka kwenye Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, shujaa Arjuna yuko msituni anatafuta silaha ya Shiva, nguruwe pori anamjia, anapiga mshale, kumbe mwindaji mmoja naye kampiga nguruwe huyo huyo muda huo huo. Wanagombania mzoga, wanapigana, Arjuna anatumia kila alichonacho na mwindaji hatikisiki, mpaka anagundua kumbe anapigana na Shiva mwenyewe kajibadilisha. Hakuna maneno yanayosemwa pale. Hiyo kugundua inabidi uione kwenye goti, mtu aliyekuwa amekaza mwili mzima anaachia ghafla. Mtazamaji wa Baripada anajua hiyo sekunde inakuja na anaisubiri, na mchezaji wa mtaa wa pili akiikosa atakumbushwa mwaka mzima sokoni.

Kabla ya kufika kwenye mwaka wa mtihani nipite haraka kwenye mwaka wa sifa, 1912. Mfalme George V wa Uingereza alikuwa Calcutta mwanzoni mwa mwaka huo, na Maharaja Sriram Chandra Bhanj Deo akapeleka wachezaji 64 wakacheza ngoma ya vita mbele yake, panga na ngao, na watu wa Mayurbhanj wanaisimulia mpaka leo kama ndo siku dunia iliwaona. Sawa, ilikuwa siku kubwa. Ila tazama imefanyika nini pale, vijana wa mitaa miwili wamepangwa mstari mmoja kumfurahisha mtu anayepita tu, na yule maharaja mwenyewe akafariki mwaka huo huo. Kama ngoma ingekuwa inategemea siku kama zile ingekufa na yeye. Haikufa, April iliyofuata ikaja na mitaa ikarudi kwenye ugomvi wake.

Mtihani wenyewe ulikuja tarehe 1 Januari 1949, Mayurbhanj ilipounganishwa na jimbo la Odisha. Ikulu haina tena hazina ya kuchezea. Nguo, taa, mafuta, posho za ma-ostad, chakula cha wapigaji kwa miezi ya mazoezi, vyote vilikuwa vinatoka mfuko mmoja na mfuko umefungwa. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, hilo halina ubishi, kiwango kikashuka, ma-ostad wengine wakatafuta riziki kwingine. Baadaye serikali ya jimbo ikaanza kutoa msaada kidogo, ikaundwa taasisi ya kusimamia Chhau ya Mayurbhanj pale Baripada, na mashindano ya April yakapata mwenyewe mpya wa kuyaandaa. Wanaosema serikali iliokoa wanaanzia hapa kuhesabu. Mimi nauliza hivi, hiyo miaka ya katikati wakati ikulu imefunga mkono na serikali haijaufungua, ni nani aliyekuwa anamwamsha kijana alfajiri akafanye topka? Hakuna mshahara wa kitu hicho. Aliyemwamsha ni aibu ya mtaa, yaani wale wa upande wa pili wanafanya mazoezi sisi tumelala.

Ili nisionekane napenda tu stori ya mitaa, linganisha na wenzao. Seraikela ikulu ilikuwa karibu na ngoma kuliko hata Baripada, kule wana wa mfalme walikuwa wanacheza wenyewe, Bijoy Pratap Singh Deo, ndugu wa mfalme, ndo aliyeisuka upya ile ngoma ikawa laini na ya kina, na 1938 kikundi chao kilizunguka Ulaya. Ufalme ulipokwisha 1948, kitovu chote kilikuwa ikulu, kwahiyo serikali ikalazimika kuweka kituo chake cha kufundisha na kuandaa, na ngoma ikaendelea kutegemea walimu wakubwa mmoja mmoja. Na ni wakubwa kweli, Kedar Nath Sahoo alipewa Padma Shri, tuzo ya heshima ya serikali ya India, 2005, Gopal Prasad Dubey 2012, Shashadhar Acharya 2020, huwezi kuwadharau hawa. Ila ngoma inayotembea kwa mabega ya watu wachache wenye tuzo ina wasiwasi wake, kila mmoja akiondoka panabaki shimo.

Purulia ni kinyume. Kule ngoma ni ya vijiji, vikundi ni vingi sana, vinaalikwa kijiji hiki na kile wakati wa sherehe za Shiva, wanacheza ardhini kwenye vumbi, vinyago vikubwa vyenye manyoya na shanga vinatengenezwa kijiji cha Charida na mafundi wa ukoo wa Sutradhar, na vinyago hivyo vilipata ulinzi wa kisheria wa jina la asili 2018. Gambhir Singh Mura wa huko alipata Padma Shri 1981 na alikuwa mtu wa kijijini kabisa. Purulia haikuumia sana wafalme walipoondoka kwasababu haikuwa imeegemea ikulu moja kubwa. Kwahiyo ukiziweka hizi tatu pembeni pembeni unaona Baripada ni mchanganyiko wa ajabu, ililelewa kifalme kama Seraikela, ila ikapona kienyeji kama Purulia, na kitu pekee ilichokuwa nacho ambacho Seraikela haikuwa nacho kwa kiwango hicho ni mitaa miwili inayochukiana kwa upendo.

Sasa UNESCO. Hii wengine wetu tunapaswa kuijua zaidi kwasababu ilipitishwa kwetu, Chhau iliingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu Novemba 2010 kwenye kikao kilichofanyika Nairobi. Aina zote tatu kwa pamoja. Kwenye maelezo yake walisema wazi kwamba viwanda, shida za kiuchumi na vyombo vipya vya habari vinapunguza ushiriki wa watu, jamii zinatengana na mizizi yake, na wako sahihi. Jina la UNESCO limesaidia, sikatai, limeleta mialiko, limefanya afisa akiombwa bajeti asicheke. Ila orodha haifundishi mtoto kusimama mguu mmoja. Na ina kasoro moja ndogo inayonikera, inaweka zote tatu kwenye jina moja, kwahiyo mtu wa nje akisikia Chhau anataka kinyago, na vikundi vya Mayurbhanj vikienda nje vinaanza kuulizwa vinyago viko wapi.

Ila nisije nikaipamba mitaa kupita kiasi, maana kisa kina upande ambao ushindani haukuponya chochote, na huo ni upande wa wapigaji.

Wachezaji ni watoto wa mtaa. Dereva, mwalimu wa shule, mkulima, fundi baiskeli, wakicheza vizuri mtaa mzima unawajua. Wapigaji wa dhumsa na dhol na mahuri kwa desturi wanatoka jamii zao za urithi, Mukhi, Kalindi, Ghadhei, Dhada, hao ndo wanaopiga na wengi wao ndo wanaotengeneza ngoma zenyewe, na kwenye ngazi ya tabaka za Kihindi wamewekwa chini kabisa. Wanaitwa kuja kupiga. Wanalipwa, kidogo, wanarudi kwao. Na hapo unaona ujanja wa mitaa miwili umefika mwisho wake, kwasababu ushindani unamlinda yule tu ambaye mtaa unamhesabu kuwa ni wake, na mpigaji mtaa haukumhesabu. Mchezaji akiharibu ni aibu ya Dakshin Sahi wote, mpigaji akiacha kazi akaenda kubeba zege mjini hakuna anayepiga kelele, wanatafuta mwingine. Watoto wa hizo familia wanaangalia baba zao, wanaona jasho la usiku kucha na kile kinachoingia mfukoni, wanaona namna baba anavyoitwa na anavyokaribishwa, wanachagua kazi nyingine, na nani awalaumu.

Na hii sio shida ya pembeni. Chhau bila wapigaji hai haichezeki. Dhol ndo inamwambia mchezaji lini ashuke, mpigaji mzuri anamtazama mchezaji goti linatetemeka anarefusha au anakata, nataki nzima ni mazungumzo ya hao wawili. Weka muziki wa kurekodi kwenye spika na unapata mtu anayekimbizana na mashine. Kwenye shoo za matamasha ya miji mikubwa, ambako kipande kinabanwa kiwe dakika chache na nauli ya wapigaji sita ni mzigo, unaelewa kabisa kishawishi cha kurekodi kinatoka wapi. Ila kila safari unapowaacha wapigaji nyumbani unakuwa umewaambia kitu.

Kuhusu wasichana mambo yamekwenda vizuri zaidi, ingawa nako hayakuanzia mtaani. Kwa desturi Chhau ilikuwa ya wanaume, hata nafasi za kike walicheza wanaume. Waliofungua mlango wa Mayurbhanj kwa kiasi kikubwa ni wanawake kutoka nje ya wilaya na hata nje ya nchi. Ileana Citaristi, Muitaliano aliyehamia Odisha 1979, alijifunza kwa guru, yaani mwalimu, Hari Nayak na akaja kupata Padma Shri 2006. Sharon Lowen, Mmarekani, na Daksha Sheth, Mhindi, walifundishwa na guru Krishna Chandra Naik. Baadaye wasichana wa pale pale nao wakaanza kuingia kwenye mafunzo. Nikiangalia hilo naona kitu kimoja, mwalimu akiwa nje ya mtaa anaweza kuamua kumfundisha amtakaye, ila akiwa ndani ya mtaa anabeba desturi yote mgongoni. Kwahiyo mtaa ndo injini lakini mtaa huo huo ndo breki. Unaichukua pamoja.

April 2020 India nzima ilikuwa imefungwa kwa corona, hakuna kukusanyika, na usiku zile tatu zikapita mji umejifungia ndani. Kwa ngoma inayoishi kwa tarehe moja kwa mwaka hilo ni pigo. Ila iliporuhusiwa watu wakarudi, na hawakurudi kwasababu kuna ruzuku mpya au bango jipya. Walirudi kwasababu kulikuwa na deni la kisasi ambalo halijalipwa.

Sasa kama ni mimi naulizwa kuhusu pesa za serikali na za wafadhili ziende wapi, ningesema ziache kwenda kwenye steji kubwa na majukwaa ya wageni waalikwa. Wachezaji wana mtaa, watapambana. Zipelekwe kwa wapigaji, na sio kama sadaka ila kama sehemu ya mashindano yenyewe. Rangabaja tayari ipo, ni muda wao peke yao, uwanja mzima unawasikiliza wao tu. Ipewe alama. Uttar Sahi wawe na kundi lao la wapigaji la kudumu linalotangazwa kwa majina, Dakshin Sahi nao la kwao, jaji ahesabu, na mtaa ukipoteza kombe kwasababu ya dhol mbovu uone kama mwaka unaofuata hawatakwenda kubisha hodi kwa Kalindi wakiwa wameshika bahasha. Kuna watakaosema hiyo inaharibu desturi, kwamba rangabaja ni ibada sio mashindano. Lakini Chaitra Parva nzima ni ibada, kuanzia makaa ya moto mpaka nataki ya mwisho, na haijamzuia mtu yeyote Baripada kuhesabu nani kamshinda nani.